Moto wa wazee na sumaku ya dunia

Katika vijitabu hivi vya mila tumesoma mengi juu ya ndoa, juu ya mazishi, juu ya kutawaza chifu na kuomba mvua. Juu ya moto tumesoma kidogo, na mara nyingi ni moto wa jikoni ama wa wahunzi. Leo ninataka kuongea juu ya moto wa namna ingine: ule ambao wazee waliuwasha kwa makusudi, mbele ya macho ya watu wote, ili kuteketeza nyumba na ghala za kijiji chao wenyewe. Moto ule haukuwa wa vita wala wa bahati mbaya. Ulikuwa tambiko. Na bila wazee wale kujua, uliacha ndani ya udongo alama ambazo wataalamu walizitafuta muda mrefu bila kuzipata: namna nguvu ya sumaku ya dunia ilivyobadilika upande huu wa kusini, karne kwa karne.

Wasomaji wengine watauliza: sumaku na mila, wapi na wapi? Nawaomba uvumilivu kidogo. Tuanze na dira, ile ambayo wengi wetu tunaiita busole.

Shuleni tulifundishwa kwamba sindano ya busole inaonyesha kaskazini. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Sindano inaonyesha kaskazini ya sumaku, na hiyo haikai pahali pamoja. Mwaka 1580, mjini London, sindano ilikuwa inaenda karibu digrii 11 upande wa mashariki ya kaskazini ya kweli. Mwaka 1634 Henry Gellibrand akapima tena, akakuta imebaki karibu digrii 4 tu. Ndipo watu wa elimu walipokubali kwamba sumaku ya dunia inatembea. Iliendelea kutembea: karibu mwaka 1820, London hiyo hiyo, sindano ilikuwa imefika digrii 24 upande wa magharibi, kisha ikaanza kurudi. Mwaka 2019 ikafika tena kwenye kaskazini ya kweli pale Greenwich. Mtu mmoja hawezi kuishi maisha ya kutosha kuona safari hiyo yote. Vizazi vingi vilihitajika, kila kimoja kikiandika cha kwake na kuachia kinachofuata.

Huku kwetu Afrika ushahidi wa zamani umebaki ndani ya jina. Karibu mwaka 1500, mabaharia wa Ureno walipokuwa wanapita ncha ya kusini kabisa ya bara letu, waliona sindano zao zinaelekea kaskazini ya kweli, bila kupinda hata kidogo. Wakapaita Cabo das Agulhas, ni kusema Rasi ya Sindano. Leo mtu akisimama pale pale na busole, sindano inapinda karibu digrii 25 upande wa magharibi. Rasi haikusogea. Jina limebaki, na maana yake imehama.

Sababu ya mambo haya iko chini sana ya miguu yetu. Ukishuka karibu kilomita 2900, mawe yanaisha na inaanza bahari ya chuma iliyoyeyuka kwa joto. Chuma hicho kinazunguka na kuchemka polepole, kama bugali uliopikwa na mtu asiye na haraka, na mzunguko wake unazaa umeme, umeme nao unazaa sumaku. Kwa kuwa bahari ile haitulii, sumaku nayo haitulii: inabadilisha upande, inabadilisha nguvu, na mara moja moja, kwa muda mrefu sana, inageuka kabisa, kaskazini inakuwa kusini. Mara ya mwisho kugeuka hivyo ni zaidi ya miaka 770 000 iliyopita.

Kupima upande wa sindano ni jambo la zamani kwa sababu ya mabaharia. Kupima nguvu yenyewe ni jambo la juzi. Mjerumani Carl Friedrich Gauss ndiye alionyesha namna ya kuipima sawasawa, mwaka 1832. Huku kwetu kituo cha kupima sumaku kilifunguliwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, wakati wa ule Mwaka wa Pili wa Kimataifa wa Ncha za Dunia, 1932 na 1933. Kule Hermanus, Afrika ya Kusini, wamepima tangu 1941, na tangu wakati ule nguvu ya sumaku pale imepunguka kwa karibu asilimia 20. Duniani kwa jumla imepunguka karibu asilimia 9 katika miaka 200. Tazama tofauti hiyo: upande wetu wa kusini ndio unaoshuka haraka. Juu ya bahari ya Atlantiki ya kusini na Amerika ya Kusini pako pahali ambapo sumaku imekuwa dhaifu kuliko pote duniani. Satelite zikipita pale zinapigwa na chembe za kutoka angani, na darubini ile kubwa ya Hubble inasimamisha kazi yake kila inapopita. Sisi tulio chini hatuhisi kitu, hewa inatukinga. Satelite za Ulaya zinazoitwa Swarm, zilizorushwa mwaka 2013, zimeonyesha kwamba kati ya 2014 na 2025 pahali pale pamepanuka kwa karibu nusu ya ukubwa wa bara la Ulaya, na kwamba tangu 2020 udhaifu unaongezeka haraka zaidi kusini-magharibi ya Afrika.

Basi swali likawa hili: jambo hili ni jipya, ama limekwisha kutokea zamani? Kama ni jipya, pengine sumaku inajitayarisha kugeuka. Kama limekwisha kutokea na likapita, habari ni ingine. Ulaya walikuwa na vipimo vingi vya zamani. Upande wa kusini hapakuwa na kitu karibu: mabaharia wachache, majina ya rasi, halafu kimya. Nani aliandika sumaku ya Afrika katika karne ya 13?

Udongo njo uliandika.

Kila mtu wa huku amekwisha kuona tanuru ya matofali. Udongo unaingia mweusi ama wa kijivu, unatoka mwekundu. Ndani yake mna punje ndogo sana za chuma, macho hayawezi kuziona. Udongo ukipata moto wa kupita digrii 580, ama kwa punje za aina ingine karibu digrii 675, zile punje zinasahau sumaku yote zilizokuwa nayo. Moto ukizimika na udongo ukianza kupoa, punje zinafuata sumaku ya dunia ya saa ile, upande wake na nguvu yake, na zinagandia hapo. Hata zipite karne kumi, zinabaki vile, mpaka moto mwingine mkali uje kuzisahaulisha. Tofali lolote la nyumba yako, ndugu msomaji, limeshika sumaku ya siku lilipochomwa.

Wazungu walianza kufikiria jambo hili zamani kidogo. Mwitaliano Giuseppe Folgheraiter alipima vyungu vya kale mwishoni mwa karne ya 19. Mfaransa Bernard Brunhes, mwaka 1906, alichunguza udongo uliochomwa na mawe ya volkano na kukuta sumaku yake imeelekea kinyume, ni kusema ulipoa wakati sumaku ya dunia imegeuka. Nyuma yake Émile Thellier na mke wake Odette wakatengeneza njia ya kupima nguvu ya zamani kwa uhakika: kipande cha udongo kinapashwa moto kidogo kidogo katika laboratwari, hatua kwa hatua, na katika kila hatua kinalinganishwa na sumaku inayojulikana. Ni kazi ya subira. Kipande kidogo kinaweza kula siku nyingi.

Sasa twende Limpopo. Pale mto Shashe unapoingia ndani ya Limpopo, nchi tatu zinakutana: Afrika ya Kusini, Zimbabwe na Botswana. Katika bonde lile waliishi wakulima na wafugaji wa lugha za kibantu, ndugu zetu wa mbali, walilima mtama na ulezi na kufuga ng'ombe. Walijenga nyumba zenye sakafu ya udongo uliosukumwa vizuri, na ghala za udongo zilizosimama juu ya mawe ili panya na maji visifikie nafaka. Kutoka kwao ulizaliwa mji wa Mapungubwe, ambao ulistawi katika karne ya 13 na kuachwa karibu mwaka 1300.

Wachimbuaji waliona kitu cha kushangaza katika vijiji vya bonde lile. Sakafu na ghala zilichomwa sana, udongo umekuwa mgumu kama tofali. Mtu atasema: moto wa bahati mbaya, paa la nyasi lilishika. Lakini sisi tuliokwisha kuona nyumba ya nyasi inaungua tunajua namna inavyokuwa: nyasi zinawaka kwa kishindo, dakika chache zimekwisha, na sakafu chini inabaki udongo ule ule. Ili kuchoma sakafu na ghala mpaka ziwe tofali inafaa moto ulishwe.

Thomas Huffman, mwalimu wa akiolojia katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambaye alifariki mwaka 2022, alitoa maelezo yake katika makala ya mwaka 2009. Alilinganisha mabaki hayo na mila za watu wa kusini zilizoandikwa baadaye. Mvua ikikataa, kuna matambiko ya kawaida: mganga wa mvua, kilima cha mvua, dawa. Mvua ikikataa tena, mwaka wa pili, mwaka wa tatu, basi shida si ya mbingu tu. Kuna uchafu umeingia nchini, kuna mtu amevunja mwiko mkubwa ama ametega dawa mbaya. Uchafu wa namna hiyo haufagiliwi na ufagio. Inabidi nyumba na ghala zichomwe, na watu waanze upya pahali pengine. Kwa Huffman, kila safu ya ghala zilizochomwa ni alama ya ukame mkubwa.

Hayo ni maelezo ya mtaalamu mmoja, na wenzake wengine wamejadiliana naye juu ya hali ya hewa ya zamani zile. Hata hivyo mimi, nikisoma, sioni ugeni ndani yake. Katika sehemu nyingi za Kongo wazee bado wanakumbuka kijiji kuhama nyuma ya vifo vilivyofuatana, nyumba kuachwa, watu kuvuka mto na kujenga upya. Wazo ni lile lile: ardhi inaweza kuchafuka, na inaweza kutakaswa.

Mwanafizikia John Tarduno wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, akaona katika sakafu hizo kitu alichokosa kwa muda mrefu. Akashirikiana na Huffman, na Michael Watkeys wa KwaZulu-Natal, na wengine. Walienda kijiji kwa kijiji. Mbele ya kuondoa kipande cha sakafu, waliandika juu yake namna kilivyolala: kaskazini iko wapi, kimeinama namna gani. Kisha wakakipeleka laboratwari. Mwaka 2015 wakatoa mstari wa kwanza wa sumaku ya kusini mwa Afrika, kuanzia karibu mwaka 1000 mpaka 1600. Mwaka 2018 kikundi hicho hicho, Vincent Hare akiwa mbele, kikaurudisha nyuma mpaka karibu mwaka 425.

Na udongo ulisema nini? Ulisema kwamba karibu mwaka 1300 upande wa sumaku ulibadilika haraka pale Limpopo, na nguvu yake ikaanguka sana, haraka kupita inavyoanguka leo kusini mwa Afrika, mpaka chini ya kiasi cha leo. Ulisema pia kwamba kati ya karne ya 6 na ya 7 upande ulikwisha kubadilika haraka mara ingine. Kumbe jambo tunaloliona leo si jipya. Liliwahi kuja, likapita, na sumaku haikugeuka.

Tarduno na wenzake wakapendekeza sababu. Chini ya Afrika ya kusini, kule mawe yanapokutana na ile bahari ya chuma, kuna mlima mkubwa wa mawe ya namna ya pekee. Mawimbi ya matetemeko yakipita ndani yake yanaenda polepole. Wanafikiri ukingo wa mlima ule unavuruga mzunguko wa chuma, na mvurugo huo unazaa udhaifu wa sumaku, unarudi mara kwa mara pahali pale pale. Ni pendekezo, si neno la mwisho. Lakini kama ni kweli, basi chini ya bara letu kuna kitu ambacho kinagusa sumaku ya dunia nzima, na habari zake za kwanza zilitunzwa na ghala za mtama.

Ninajua namna habari hii itapokelewa, sababu nimekwisha kuisimulia mara mbili tatu kati yetu. Mzee mmoja aliniambia: “Unaona? Bankambo balijua yote!” Hapana, mzee wangu, kwa heshima yote. Mababu hawakujua sumaku ya dunia. Walikuwa na njaa, watoto wao walikufa, na walichoma ghala zao wakilia. Tukiwavika elimu ambayo hawakuwa nayo, tunawanyang'anya maumivu yao ya kweli na akili yao ya kweli, ambayo ilikuwa ni kuamua pamoja kwamba kijiji hakiwezi kuendelea vile kilivyokuwa. Upande mwingine kuna kijana mwenye diploma anayecheka: wapumbavu, wanachoma ghala wakati wa njaa! Huyo naye aulizwe: kwa elimu yako, nani mwingine wa karne ya 13 upande huu wa dunia alikuachia kipimo cha sumaku? Tambiko lilikuwa la mvua. Lilichobeba zaidi ya mvua, halikuwa na haja ya kukijua ili likibebe.

Kuna jambo limo ndani ya hesabu ya mwaka 1300 ambalo wengine wanalikimbilia: Mapungubwe iliachwa karibu wakati ule ule sumaku ilipoanguka. Tusifunge mafundo mahali hapana kamba. Sumaku haileti ukame, wala haiangushi ufalme. Mambo mawili yanaweza kupita njia moja siku moja bila kujuana.

Sasa, kwetu. Kati ya Limpopo na Sahara, vipimo vya udongo uliochomwa ni vichache sana, na Kongo karibu yote iko ndani ya nafasi ile iliyo wazi. Si kwamba moto ulikosekana. Nchi yetu ni nchi ya matanuru. Pale Naviundu, karibu na Lubumbashi, watu waliyeyusha shaba tangu karibu karne ya 4. Wale waliokuja kuitwa walaji shaba walijenga matanuru yao kwa udongo wa kichuguu, na kazi yao ilikuwa na miiko mikubwa: nani anakaribia, nani amelala na mke wake, nani anatamka maneno. Upande wa Maziwa Makubwa, Rwanda na Burundi, wachimbuaji wamekuta misingi ya matanuru ya chuma ya zaidi ya miaka 1500. Kule Kivu pia mkulima akishusha jembe anakuta mavi ya chuma na vipande vya mirija ya mivukuto, anavitupa pembeni ya shamba. Tanuru ya chuma inapita digrii 1100. Hakuna sakafu ya nyumba iliyochomwa vizuri kuliko hiyo.

Hapa kuna kitu kimoja cha kuelewa vizuri. Chungu kilichochomwa, hata kikitolewa kaburini na kupelekwa Ulaya, bado kinaweza kusema nguvu ya sumaku ilikuwa kiasi gani. Vile vyungu vizuri vya Sanga, karibu na ziwa Kisale, vilivyochimbuliwa tangu 1957, vimeshika nguvu hiyo mpaka leo. Lakini havijui tena kaskazini ilikuwa wapi, juu vilichomwa pahali pengine, vikabebwa, vikazikwa. Tanuru na sakafu hazitembei. Vinajua vyote viwili, nguvu na upande, mradi havijainuliwa. Mtu akitoa tofali moja la msingi wa tanuru ili aliangalie, halafu akalirudisha kwa adabu zote, kesi imekwisha: nusu ya maandishi imefutika, na hakuna laboratwari ya kuirudisha.

Ku Katanga udongo wa kichuguu ndio watu wanapenda kwa matofali, na pembeni ya vichuguu vile vile ndipo waliyeyusha shaba zamani. Wachimbaji wa mikono nao wanapenda mahali palipo na mabaki ya kazi za zamani, juu yanaonyesha madini yako karibu. Hakuna anayevunja kwa ubaya. Nimeona kwa macho yangu duara ya udongo mwekundu, mgumu, upana kama wa meza, katikati ya shamba la mihogo. Mwenye shamba akaniambia ni pahali pa moto wa bakubwa, hapafai kulimwa, hata mihogo inakataa. Niliporudi nyuma ya msimu mmoja, mwanawe alikuwa amepavunja kwa sururu na kujenga nyumba. Nyumba ni nzuri. Vipande vyekundu viko ndani ya msingi wake, kila kimoja kikielekea upande wake.